Joto la Juu ya Mawingu

Mlio wenyewe haukuwa mkubwa. Ti... ti... ti... kama mtu anayegonga kijiko kwenye kikombe chumba cha pili, taratibu, bila haraka. Mama Kidoti alikuwa ameamka usiku wa manane kumnyonyesha mwanawe, akausikiliza akidhani bomba linavuja, kisha akakumbuka kwamba maji yalikatika tangu juzi na bomba halikuwa na hata tone, sasa linavuja nini?

Nyumba yao ilichangia ukuta na kituo cha hali ya hewa. Upande huu kitanda chao, upande wa pili chumba cha kipokezi, mashine inayosikiliza visanduku vya angani. Mumewe ndiye aliyekuwa mpimaji wa kituo, na mtaa mzima ulimwita Bwana Mawingu, maana ukimsalimia anakujibu huku anatazama juu. Kila jioni alijaza gesi puto kubwa jeupe, akalining'inizia mwavuli mdogo wa kitambaa, na chini ya mwavuli kisanduku cha vipimo chepesi kama mkate, halafu akaliachia. Puto lilipanda, na kisanduku kikawa kinatuma habari: hapa nilipo joto ni hili, unyevu ni huu, kimo ni hiki. Huko juu kabisa puto hupasuka, mwavuli hufunguka, kisanduku hushuka na kuangukia mbali, betri inakufa, na kipokezi kinanyamaza mpaka jioni ya kesho. Ndivyo ilivyokuwa siku zote tangu aolewe.

Usiku ule hakikunyamaza.

Alimweka Kidoti begani, akapita korido kwa miguu mitupu, akasukuma mlango. Kioo cha mashine kilikuwa kinawaka kijani peke yake gizani. Shule alikwenda, sekondari alimaliza, na Bwana Mawingu alipokuwa akimchumbia hakuwa na maneno mengine ya mapenzi zaidi ya kumfundisha kusoma kioo kile, kwa hiyo alijua namba ipi ni ya nini. Kimo: juu ya mawingu yote, huko ambako mumewe hupenda kusema ukitema mate yanashuka jiwe. Joto la huko linatakiwa liwe nyuzi hamsini chini ya sifuri. Kioo kilisema thelathini na saba.

Akapangusa kioo kwa kiganja, kana kwamba namba ni uchafu. Thelathini na saba.

Hilo si joto la hewa. Hilo ni joto la mtu. Ndiyo namba ambayo nesi wa kliniki huisoma kwenye kipimajoto cha Kidoti na kusema, "Mzima huyu, mpeleke nyumbani akakunyonye vizuri." Na unyevu nao ulikuwa hautulii, unapanda kidogo, unashuka kidogo, unapanda, unashuka, mpaka Mama Kidoti akajikuta anavuta pumzi pamoja nao na kuishusha pamoja nao, na ndipo akaelewa anachokitazama, kwamba kule juu ambako hakuna ndege wala wingu kuna kitu kimekikumbatia kile kisanduku kifuani na kinakipumulia, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

Akageuka kukimbia. Akamshika Kidoti mguu asije akamdondosha, na mguu ulikuwa wa baridi kama chupa iliyotoka kwenye friji.

*

"Mashine inashika takataka za hewani," Bwana Mawingu alisema asubuhi, mdomo umejaa povu la dawa ya meno. "Redio za teksi, simu za watu."

"Teksi gani inayopita kimo kile?"

"Basi kina hitilafu. Mke wangu, nikianza kuogopa namba, tutakula nini?"

"Ni kile kisanduku cha juzi jioni," akasema. "Cha kitambaa."

Mswaki ukasimama.

Juzi jioni boksi la miavuli lilikuwa tupu na mzigo mpya haujafika. Puto limeshajaa, linavuta kamba, na saa ya kuliachia haisubiri mtu, kwa hiyo Bwana Mawingu alikuja mbio uani: "Nipe kitambaa chepesi, chochote!" Mama Kidoti alikuwa anaanua nguo. Akamtupia cha kwanza kilichomjia mkononi, kile kitambaa cheupe cha pamba alichofunikwa Kidoti siku aliyozaliwa na kila siku tangu hapo, ambacho hata kikifuliwa hakiishi harufu ya maziwa na ya utosi wa mtoto. Akacheka na kumwambia, "Waambie huko juu wamsalimie binti yangu!"

Aliyekuwa hacheki ni Bibi, mama yake Bwana Mawingu, aliyekaa kibarazani na Kidoti mapajani.

"Nguo ya mtoto anayenyonya hailazwi nje jua likizama," Bibi alisema. "Sembuse kuwapelekea wenyewe kwao."

"Wenyewe gani tena, mama?" mwanawe aliuliza.

"Wanaokaa huko kusikiliza. Sisi tumefundishwa tukiwa wadogo hivi. Majini hupanda mbinguni kuiba maneno ya malaika, wanabebana mabegani mmoja juu ya mwingine mpaka wa juu kabisa anafika mlangoni, na malaika wakiwaona wanawatupia vimondo."

"Kimondo ni jiwe, mama. Linaingia kwenye hewa kwa kasi, linaungua, ndiyo ule mwanga."

"Kwani mimi nimesema wanatupiwa pamba?"

Wakacheka wote, hata Bibi mwenyewe, akamtekenya Kidoti kidevuni penye kile kidoti cheusi kilichompa jina. "Unamsikia mume wetu, mke mwenzangu? Anatufundisha." Na puto likapanda na kitambaa cheupe chini yake kikipepea kama mkono unaoaga.

Sasa Bwana Mawingu alitema povu, akasukutua, akajipangusa polepole kuliko ilivyohitajika.

"Mwavuli ni mwavuli," akasema. "Hewa haijui pamba ya nani."

*

Mchana wa siku ile joto lilikuwa la kukaanga, hakuna jani linalotikisika. Mama Kidoti alikuwa uani anaanika, Kidoti mgongoni kwenye mbeleko, alipoona vumbi linajisokota kwenye uwanja wa vipimo, kimbunga kidogo tu cha kimo cha mtu, kile ambacho watoto hukikimbilia na wazee hukipisha. Mumewe alishamweleza mara nyingi, ardhi ikipata moto hewa ya chini inainuka na kujizungusha, haina roho wala macho. Akajikumbusha hivyo. Akashika kibanio cha nguo mdomoni, akaendelea na kazi.

Kimbunga kilikuja moja kwa moja mpaka kwenye kamba, kikasimama.

Vimbunga havisimami. Hiki kilisimama mbele ya nguo za Kidoti na kuanza kuzipitia, moja baada ya nyingine, kitopu kikainuka na kuanguka, kinguo cha kulalia kikainuka na kuanguka, soksi, kofia, kama mwanamke sokoni anayetafuta saizi. Mama Kidoti akainua macho kwenye mlingoti wa kituo, kwenye vile vikombe vinavyozungushwa na upepo, hata ule wa kuzima kiberiti, na vikombe vilikuwa vimetulia tuli. Hakukuwa na upepo. Kulikuwa na harufu tu, ile harufu nzuri ya udongo mkavu unapopata mvua ya kwanza, ambayo kila mtu huipenda, nzito mpaka unaionja kwenye ulimi, na mvua yenyewe ilikuwa haijaonekana miezi na miezi.

Mgongoni Kidoti akacheka. Akacheka kile kicheko cha mtoto anayefichiwa uso na kufunuliwa, akimtazama mtu juu ya bega la mama yake.

"Bibi!" Mama Kidoti aliita, na sauti ikatoka kama ya paka.

Bibi alitoka na ufagio, akakiona, akaanza kuomba kwa sauti ya chini, maneno yanapandana. Vumbi likaanguka chini lote kwa pamoja, puu, kama gunia lililokatwa kamba.

"Ingia ndani," Bibi alinong'ona. "Usiikimbie, itakujua unaogopa. Tembea. Mtoto mbele, mlete kifuani."

Jioni akampeleka kliniki. Nesi aliyemzalisha, ambaye humwita mdogo wangu na kumgombeza kama dada, alimpima Kidoti, akakitikisa kipimajoto, akampima tena, akaleta kingine.

"Hivi vyote vimekufa leo?" akasema. "Vinaniambia huyu mtoto ni samaki."

"Ni baridi, dada. Tangu jana."

"Ananyonya?"

"Ananyonya kidogo, halafu anaangalia dari."

Nesi hakutania tena. Alimfunga Kidoti mablanketi, akamweka kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, akasema arudishwe kesho na mapema, na asiachwe peke yake hata dakika. Mama Kidoti alikaa vile vile usiku kucha, na kifua chake ndicho kilichokuwa kinapoa.

*

Sasa kilichomvunja nguvu Bwana Mawingu hakikuwa maneno ya mama yake. Kilikuwa ni kimo.

Kipokezi kilikataa kusikiliza puto jipya. Alirusha la jioni ile, akarusha la jioni iliyofuata, na mashine ikayapuuza yote mawili, ikabaki inafuata kile cha kitambaa, ti... ti... ti... ambacho betri yake ilipaswa kuwa imekufa zamani. Mama Kidoti alimkuta amekaa mbele ya kioo, mikono katikati ya magoti kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani.

"Anashuka," alisema bila kugeuka.

"Nani?"

"Kisanduku. Nimesema kinashuka."

"Umesema anashuka."

Akakigusa kioo kwa kidole. Halafu akaanza kusema kwa sauti ndogo, haraka haraka, kama mtu anayetaka kuyatoa kabla hayajamsonga. "Kitu kikianguka na mwavuli kinafika chini mara moja, unaelewa? Hewa inakizuia kidogo lakini kinaanguka tu, hakina namna. Hiki kinashuka kidogo, kinakaa. Kinashuka, kinakaa. Jana kilikuwa kwenye yale mawingu ya nyuzinyuzi, ya barafu tupu. Leo asubuhi kimekaa kwenye mawingu ya manyoya ya kondoo. Kitu kinachoanguka hakipumziki, mama Kidoti. Anayepumzika ni anayeshuka ngazi."

"Na joto?"

"Thelathini na saba. Kote huko."

"Na mwanao leo kliniki kapimwa thelathini na tatu," akasema, na ndipo wote wawili wakatazamana, maana hesabu ile haikuhitaji sekondari. Joto la mtoto lilikuwa limepanda juu pamoja na kitambaa, na aliyelipokea alikuwa ameonja, na sasa anakuja kuchukua lililobaki.

Bwana Mawingu akasimama. "Mama anamjua yule fundi cherehani wa nyuma ya soko. Yule anayetibu watu."

"Wewe ndiye unayesema hivyo?"

"Mimi nasema tu mama anamjua," akajibu, na kutoka kutafuta viatu, na kiatu kimoja alivaa cha mkewe.

*

Fundi alikuwa anashona sare za shule, mdomo umejaa pini. Mkono wa kulia ulishona na wa kushoto ulitibu, ndivyo watu walivyomsema, na yeye hakukataa. Alimsikiliza Bibi mpaka mwisho bila kuinua mguu kwenye cherehani, kisha akazitema pini moja moja kwenye kiganja.

"Mleteni mezani."

Walimlaza Kidoti kwenye meza ya kukatia, juu ya kitambaa cha bluu. Fundi akashusha futi shingoni, akampima kisigino hadi utosi, kifua, mkono, kama anayemshonea gauni la sikukuu. Kila alipomgusa alikunja vidole na kuvipulizia.

"Ni jini jike," akasema. "Dume angevunja mapaa, angerusha masufuria. Hili halijavunja kitu. Limepata nguo ya mtoto, limekumbatia, limenusa, na harufu haijamshibisha mtu. Sasa linamtafuta mwenye nguo."

"Nimwombe msamaha?" Mama Kidoti aliuliza. "Mimi ndiye niliyecheka, nikasema wamsalimie. Nipige magoti?"

"Hujamkosea, mwanangu. Umempa zawadi. Hapo ndipo penye kazi, kosa lingekuwa rahisi." Akavuta jora la kitambaa kipya kutoka rafu ya juu, bado lina karatasi ya dukani. "Nitashona mtoto wa kitambaa, kipimo kile kile cha huyu. Mtampandisha kwa njia ile ile, puto lile lile la baba yake, jua likizama, kabla mgeni hajafika kwenye bati lenu. Akiingia ndani simuwezi mimi wala fundi mwingine. Ila sikilizeni." Akamtazama Mama Kidoti peke yake. "Kitambaa hiki hakijavaliwa na mtu, hakijafuliwa, hakijalaliwa. Usikitie hata unywele wako. Akipewa kitu kisicho na mwenyewe atakaa nacho. Kikiwa na mwenyewe, atamfuata mwenyewe."

"Na wewe utakuja, fundi?"

"Nina sare za darasa zima za kumaliza," alisema, na kuzirudisha pini mdomoni, lakini mguu wake ulipokanyaga cherehani sindano ikakosa mstari.

*

Jioni ile ilikuja na anga safi ya kutisha, haina doa, na kwenye kioo, kile kisanduku kilikuwa kimefika usawa wa mnara wa simu ulio juu ya kilima. Bwana Mawingu alijaza puto bila neno. Bibi alijifungia chumbani na Kidoti, akaketi sakafuni amempakata, anaomba bila kituo. Mama Kidoti alisimama uani ameshika mwanasesere, mweupe, hana macho wala mdomo, ana urefu wa binti yake hasa, na mikono yake ikataka kumbembeleza, akaikataza.

"Achia," akasema.

Mumewe akaachia. Puto likaruka, uzi ukanyooka, mwanasesere akainuka mpaka usawa wa paa, na hapo likasimama.

Halikushikwa na waya wala tawi, hapakuwa na waya wala tawi. Lilisimama tu hewani, linatikisika, na mwanasesere akaanza kuzungushwa polepole, huku na huku, kama anavyogeuzwa kitu na mtu anayekikagua. Ile harufu ya udongo uliolowa ikamwagika uani kama ndoo iliyopinduliwa. Vikombe vya upepo vimetulia tuli. Pumzi ya Bwana Mawingu ikatoka mdomoni nyeupe, katika jioni ambayo mtu angeweza kulala nje bila shuka.

"Kimo," alinong'ona, "nikaangalie kimo," akakimbilia ndani, na mkewe akabaki peke yake.

Puto likashuka. Puto lililojaa gesi, ambalo kazi yake yote duniani ni kupanda, lilishuka mpaka mwanasesere akaning'inia mbele ya uso wa Mama Kidoti, karibu kabisa, akamgusa pua, na kukaa hapo. Amerudishwa. Jini limemnusa, halikupata kitu, limemrudisha kama mtu anavyorudisha chakula kisicho na chumvi.

Na huko ndani Bibi akapiga kelele. "Mtoto anakuwa mzito! Baba yake! Mtoto ananilemea, hafungui macho!"

Basi hapo ndipo mambo yalipokwenda upesi kuliko akili, maana Mama Kidoti baadaye hakukumbuka kuamua, alikumbuka tu kwamba mikono yake ilikuwa inafungua mbeleko kiunoni, ile mbeleko ya kila siku, iliyolowa maziwa mbele na jasho nyuma, yenye nywele zake na usingizi wake na miezi yote ya kubeba, na kwamba alikuwa anamviringisha nayo yule mwanasesere, shingo, kifua, miguu, anafunga fundo kama anavyofunga siku zote, akijua kabisa fundi alisema nini, anasikia sauti yake hata sasa, atamfuata mwenyewe, na mwenyewe ni nani kama si yeye, na kama si yeye ni yule aliye ndani ambaye bado hajajua hata kuita mama.

"Chukua," akasema. Meno yalikuwa yanagongana. "Huyu amenyonya. Wangu niachie."

Kitu kikampokea mwanasesere. Hakikunyakua. Kiliingiza mkono chini yake, palepale mkono wa mama ulipokuwa, kama wanawake wanavyopokezana watoto mlangoni, na katika kupokezana huko vidole viligusa vidole vyake. Vilikuwa vya moto. Moto mzuri wa mtu mzima wa afya, na vilikuwa virefu, na viliendelea kupita kwenye kiganja chake kwa muda, pingili baada ya pingili baada ya pingili, kabla havijaisha.

Puto likapanda kama lililotoka kwenye manati.

"Kinapanda!" Bwana Mawingu alipiga ukelele ndani. "Kimepita mnara! Kinapanda, mke wangu, kimepita kimo cha mawingu ya kondoo!" Na kwa mara ya kwanza tangu juzi Kidoti akalia, kilio kikubwa, cha hasira, cha njaa, kilichomfanya Bibi aanze kucheka na kulia kwa pamoja na kumporomoshea mke mwenzake matusi ya mapenzi.

Mama Kidoti akaingia ndani taratibu. Mumewe alimkumbatia, hakuuliza mbeleko iko wapi. Alisema tu, "Mikono yako ni barafu!" na kuanza kuisugua.

*

"Sasa tatizo liko wapi?" nesi aliuliza. Ilikuwa mchana, kliniki imejaa, feni ya dari inakoroga joto, akina mama kwenye benchi la korido wanajipepea kwa kadi za chanjo. Nesi alikuwa amefunga mlango kwa sababu alimwona mdogo wake anavyotazama. "Mtoto anachemka kama sambusa, uzito umepanda, mashavu haya. Mshukuru Mungu."

"Amekataa ziwa, dada. Anashika, anavuta, anaachia, analia. Nimeanza kukamua na kupasha moto. Nikimpashia anakunywa."

"Kupasha moto maziwa ya kifua?"

Nesi akamkazia macho, kisha akachukua kipimajoto, akamwekea yeye mama kwapani. Wakasubiri. Na katika kusubiri huko akamwambia yote, kwa haraka, bila kupumua, kitambaa na kimbunga na ngazi ya mawingu na mbeleko na vidole, maneno yanakanyagana, na Kidoti mapajani anachezea kifungo cha blauzi.

Nesi akakitoa kipimajoto. Akakitazama. Akakiweka mezani kifudifudi.

"Mume wako anajua?"

"Kipokezi kinapokea maputo yake mapya sasa, ndivyo anavyosema. Lakini amehamishia godoro kule. Jana nimeingia ghafla, akakifunika kioo kwa mwili wake wote. Halafu akanitazama kama anayetaka kutubeba mimi na mtoto akimbie nasi." Akajaribu kucheka. "Jini linashuka tena, dada, na hajui ni kwa nini. Anadhani mbeleko ilikuwa nguo ya mtoto, kwa hiyo linamfuata mtoto. Anataka kurudi kwa fundi, wapande paa, wairudishe ile mbeleko chini."

"Basi airudishe! Mdogo wangu, huu si mchezo, airudishe leo hii!"

"Akiirudisha, jini litabaki na nini?" Mama Kidoti aliuliza kwa upole kabisa. "Litamtaka nani?"

Kidoti akakivuta kifungo, akakitia mdomoni. Nje mtoto wa mtu alilia, akanyamazishwa.

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Si kwa dawa. Siku nisipoamka utaitwa wewe, na watakuuliza. Waambie ni malaria, waambie ni moyo, tafuta neno lolote. Wasijue ilikuwa nguo yangu. Wakijua watanitetea, na wakinitetea mimi wanamtoa huyu. Niahidi."

"Usiniambie hivyo."

"Dada. Niahidi."

Nesi alitazama mtoto. Alitazama kile kidoti cheusi kidevuni, ambacho alikuwa wa kwanza duniani kukiona. Feni ilikuwa imesimama, hakukumbuka imesimama saa ngapi, na dirisha limefungwa, na mahali fulani, karibu, ndani ya chumba, palinukia udongo mkavu uliopata mvua.

"Sitamwambia mtu mwingine," akasema, na maneno yakatoka mdomoni mwake na mvuke mweupe, yakapanda polepole mpaka kwenye dari, Kidoti akayafuata kwa macho, na kucheka.